Waraka wa babu una majina ya watumwa. Tuuchome?

SWALI

Assalaam alaykum Shangazi.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Tulipofungua kasha lake tulikuta bangili ya pembe ya ndovu na waraka wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wa madrasa ametusomea. Ni orodha ya mali ya mmoja wa mababu wa mama, ya mwaka 1301 Hijria. Inaanza na shamba, nyumba na mbuzi, kisha yanakuja majina ya watu kumi na wanne na bei zao. Feruzi. Heri. Zafarani na mwanawe. Mmoja ameandikwa hivi: “Marjani, mtoto wa miaka kama kumi, Mnyasa, riale 25.”

Binti yangu anasoma chuo kikuu. Alilia, akasema tuuchome waraka na bangili tuitupe, kwa kuwa sisi ni kizazi cha wauza watu. Siku ya pili akabadilisha, akataka aupige picha auweke mtandaoni. Ami yetu amekasirika. Anasema wafu hawapimwi kwa kipimo cha leo, na zama zile jambo hilo lilikuwa halali na kila mtu aliliona sawa.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Mwisho wa shamba letu wanaishi jirani ambao wamelima hapo tangu mababu zao, bila karatasi yoyote. Jina la babu yao limo ndani ya waraka.

Mama wa watoto watatu, Malindi

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu. Mola amrehemu mama yako.

Waraka usichomwe. Nalisema hili mwanzo ili hata mkishindwa kuelewana kwa mengine yote, hili muwe mmeshaliafiki. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutunza hati za kale hapa Pwani. Mwenye shamba wa zama zile unaweza kumkuta katika hati za ndoa, za kuuziana ardhi, za madeni, na kaburi lake likawa na jiwe. Zafarani huenda ameandikwa hapo tu, dunia nzima. Mwanawe hata jina mwandishi hakumpa. Mkiuchoma, babu yenu ataendelea kukumbukwa kwa shamba na nyumba, na watakaofutika ni wale kumi na wanne. Binti yako anawatakia haki watu hao, na mimi nampenda kwa hilo. Basi asiwaondolee ushahidi pekee kwamba waliishi na kwamba walifanyiwa hayo.

Sasa ami yenu. Mtu anayewatetea wazee wake nina heshima naye, lakini anaposema kila mtu aliliona sawa, amekosea kuhusu mwaka huohuo wa 1301.

Kwa miladi huo ni 1883 au 1884. Miaka kama kumi kabla yake, Juni 1873, Sultan Barghash wa Zanzibar, aliyetawala Pwani yetu, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Ni kweli Waingereza walimshinikiza. Mwaka 1876 akaipiga marufuku na misafara ya nchi kavu. Haya, mtazame Marjani. Ana miaka kama kumi, kwa hiyo amezaliwa karibu na 1874. Ameitwa Mnyasa, na aliyezaliwa shambani kwa kawaida aliitwa mzalia. Inaelekea basi mtoto huyu alitolewa kwao, huko upande wa Ziwa Nyasa, akafikishwa Malindi baada ya marufuku zote mbili au katikati yake. Kwa mujibu wa amri ya mtawala wake mwenyewe, aliyemnunua alinunua mali ya magendo.

Na upande wa dini, ambao ami ameuegemea? Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ilitambua njia mbili za mtu kuwa mtumwa: kuzaliwa na mama mtumwa, au kutekwa katika vita vya halali. Mtoto aliyeibwa njiani, au aliyeuzwa na ndugu kwa sababu ya njaa, hakuwa halali ya mtu yeyote. Wanunuzi wengi hawakuuliza, kwa kuwa jibu lingewaharibia biashara. Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Balad, imeutaja ukombozi wa mtumwa kuwa ndiyo njia ngumu ya kupanda mlima. Waliosoma waliijua aya hiyo wakati huo kama tunavyoijua sisi.

Kisha kuna mashahidi ambao ami amewasahau kabisa. Mashamba ya Malindi yalifufuliwa tangu miaka ya 1860 kwa kulima mtama, na kazi ya mtumwa ilipimwa kwa ngwe, kipande cha kulimwa kila siku mpaka kiishe. Wengi walitoroka. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakati waraka wenu unaandikwa, watoro walikuwa wamejikusanya Fuladoyo, nyuma ya Malindi, na wengine wamekimbilia misheni ya Rabai. Tarehe 1 Januari 1889, kampuni ya Waingereza ilipowalipa mabwana ili watoro waliokuwa misheni waandikiwe uhuru, walipatikana zaidi ya 1,400. Watu hao walijua kwamba kumiliki mtu ni dhuluma, na walihatarisha maisha yao kwa kulijua hilo. Tukisema “watu wa zamani waliona sawa”, tunawahesabu wenye kuandika orodha na kuwaacha walioandikwa ndani yake.

Kwa binti yako nina neno pia. Asijiite kizazi cha wauza watu kana kwamba anajua damu yake yote. Mtoto aliyezaliwa na suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake, alikuwa huru bwana akimkubali kuwa wake na alirithi sawa na ndugu zake. Barghash mwenyewe mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Katika nyumba nyingi za Pwani zenye waraka kama wenu, pande zote mbili zimo katika nasaba moja, ila nasaba inayosomwa ni ya mababu tu. Akae na ami amuulize majina ya mabibi, mmoja mmoja, na kila mmoja alitoka wapi. Huenda ami akanyamaza mahali fulani, na kunyamaza huko kutamfundisha mengi.

Dhambi ya babu ni ya babu, hilo dini imelimaliza: hakuna mbebaji anayebeba mzigo wa mwingine. Lakini shamba halikuzikwa naye. Kanuni ya 1907 iliyofuta utumwa katika Pwani ya Kenya iliwalipa fidia mabwana kwa kupoteza watumwa wao. Watumwa hawakulipwa kitu. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuandikisha ardhi, na wenye nyaraka na mashahidi wakubwa wakaandikiwa mashamba. Waliolima kwa mikono yao wakawa wageni juu ya ardhi waliyoilima, na wajukuu wao mpaka leo wanaitwa maskwota. Jirani zenu hawana karatasi kwa sababu hiyo. Hili ndilo linalokunyima usingizi, na ni haki likunyime. Hasira ya binti yako ningependa ielekee hapo, maana hapo kuna watu hai na kuna jambo la kufanya.

Kabla ya makumbusho, na kabla ya mtandao, nenda wewe pamoja na ami kwa mzee wa nyumba ile. Nendeni faraghani, bila vijana. Unaijua Pwani yetu: neno “mtumwa” bado ni tusi, na posa zimevunjika kwa ajili yake. Pengine mzee anayajua yote na hajawaambia wajukuu. Mwambie: tumekuta waraka wa zamani, jina la babu yako limo, ungependa kuuona? Akikataa, muishie hapo na msimtangaze. Akikubali, msomeeni na mumpe nakala iwe yake. Picha isiwekwe mtandaoni bila ridhaa yake, hata kama binti yako ana nia njema. Watu wale waliorodheshwa mara moja bila kuulizwa.

Kuhusu ardhi, kaeni warithi wote. Kama mirathi ya mama haijapita mahakama ya kadhi, ianzeni, kwa sababu hakuna anayeweza kutoa sehemu ya shamba ambalo bado limeandikwa jina la marehemu. Baada ya hapo ningewaomba muwape jirani zenu sehemu wanayoishi na wanayolima, pamoja na makaburi yao, kwa hati halisi yenye jina lao na mipaka iliyopimwa na mpima ardhi. Ruhusa ya mdomo haitoshi; itakufa pamoja na wewe, na mnunuzi wa kwanza atakayekuja atawafukuza. Najua wapo warithi watakaosema ni kugawa mali ya bure. Wasomeeni orodha ile, kisha waulizeni nani alilifyeka lile pori.

Bangili ni jambo fupi. Mtu akiuza au akivaa pembe leo, anachochea soko linaloua ndovu leo. Ndiyo maana Kenya ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kukaa na pembe bila kibali. Msiitupe, msiiuze, msimpe mtu zawadi. Mtafuteni wakili awaandikie barua, muipeleke wenyewe kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, mkieleza mlivyoikuta.

Waraka wenyewe, msiupitishe kwenye plastiki ya moto wala msiutie selotepu. Nimeona hati nzuri zikiharibika hivyo. Upigeni picha kwa mwanga wa mchana bila flashi, pande zote mbili, na mpini wa kijiko au rula pembeni ili ukubwa wake ujulikane. Uwekeni bapa ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na unyevunyevu na mchwa. Mkitaka usomwe na mtaalamu, uleteni Mombasa, Ngome ya Yesu, mkaombe kuonana na wanaoshughulikia maandishi ya Kiswahili ya kale. Mwalimu wa madrasa amewasaidia sana, lakini mwandiko wa zama zile una mitego yake, na inawezekana jina la yule mtoto wa Zafarani limo pembeni ya ukurasa.