Msihesabu asilimia tu, hesabuni na waliobaki nyumbani

Swali la wiki hii mmeuliza eti asilimia za kura zinaonyesha kweli rais anavyokubalika na wananchi? Mi nasema hapana, na mfano ninao hapa hapa kwetu. Niko Bagamoyo, Rais mstaafu Kikwete ni wa kwetu (Msoga yake iko Chalinze, enzi hizo bado ilikuwa wilaya hii hii), kwahiyo msije mkasema nina chuki.

2005 alipata asilimia 80, kura milioni 9 na ushee, na mapenzi yale yalikuwa ya kweli bana, ari mpya nguvu mpya kasi mpya, hata jamaa zangu wa CUF, chama cha upinzani, walikuwa wanamkubali kimoyomoyo.

Haya njooni 2010. Asilimia 61, watu wakasema si kashinda kwa raha zake? Kashinda ndio, lakini kwa kura ngapi? Milioni 5 na kidogo! Waliojiandikisha milioni 20, waliopiga hata milioni 9 hawafiki. Jumapili ile ya uchaguzi mchana nilipita soko la samaki, mnada umechangamka, dalali anapaza sauti, watu wananyoosha mikono kupandisha bei, mi macho yangu kwenye vidole tu, wino nauona kwa mmoja mmoja. Nikamuuliza mama mmoja wa kukaanga, mama mbona hujaenda? Akasema, "Niende nisiende mwanangu, si atapita tu," afu akaendelea kuparua changu wake. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndo ilinishtua, maana mtu mwenye hasira angalau anaenda kukupigia kura ya kukukataa. Katikati hapo tulishapita kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, Lowassa kajiuzulu uwaziri mkuu 2008, umeme wa mgao, na maisha bora kwa kila Mtanzania tunayasubiri.

Sasa 2015 Magufuli kaingia kwa 58, chini ya ile 61, ukisoma asilimia tu utasema huyu kakubalika kidogo kuliko Kikwete wa 2010. Wapi! Kura zake karibu milioni 9. Tena huyo huyo Lowassa, safari hii kasimama na upinzani, kapata milioni 6, yaani aliyeshindwa 2015 ana kura nyingi kuliko aliyeshinda 2010. Kwahiyo mkiandika fulani kapata asilimia kadhaa, tuwekeeni na idadi ya waliojitokeza pembeni yake.