Mbao za sakafu Kigamboni: zibandikwe kwa gundi au zielee?

Swali

Habari za kazi, fundi. Tunamalizia nyumba ya ghorofa moja Kigamboni. Tumenunua mbao za sakafu zile za matabaka: unene milimita 14, juu mwaloni wa milimita 3, za ulimi na mfereji. Chini kuna sebule iliyoungana na sehemu ya kulia chakula, mita 5 kwa 11. Ina saruji ya kusawazishia ya milimita 60, imemwagwa wiki sita zilizopita na kupigwa niru. Juu kuna vyumba viwili vya kulala. Fundi wa kwanza anataka kutandika nailoni na sponji, mbao zikae juu bila kushikwa na sakafu. Wa pili anasema gundi tu. Shemeji anasema mbao ni misumari, hayo mengine ni mtindo. Nimsikilize nani? Na tungependa kuhamia kabla ya masika.

Jibu

Dada, hongereni kwa kufika hatua ya sakafu. Naanza na la shemeji kwa kuwa ni jepesi. Misumari inataka mbao chini ya mbao. Kwenye zege ingebidi kwanza mtandaze plaiwudi ya milimita 18 sebule nzima, muifunge kwa skrubu zinazotoboa nailoni ya kuzuia unyevu, kisha mkate milango yote chini kwa sababu sakafu imepanda. Na mchwa mtakuwa mmewawekea chakula mahali msipoweza kuchungulia. Njia hiyo inafaa nyumba zenye sakafu ya maboriti. Shemeji ashukuriwe, tuendelee.

Mafundi wenu wawili wanabishana kuhusu mbao, lakini mimi ningewauliza wote swali moja: nani kati yenu amepima saruji?

Saruji ya kusawazishia hukadiriwa kukauka milimita moja kwa siku kwa milimita 50 za kwanza. Zikizidi hapo, kila milimita huchukua kama siku mbili. Yenu ya milimita 60 inataka siku 70 hivi, tena pakiwa na hewa kavu inayozunguka. Nyinyi mna siku 42, jirani na bahari. Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha kwenye saiti zetu: saruji haikauki kuipita hewa iliyoizunguka. Kiwango kinachofuatwa Uingereza kwa sakafu za mbao ni hewa iliyomo ndani ya saruji kuwa na unyevu usiozidi asilimia 75. Unyevu wa hewa ya Dar es Salaam mara nyingi unacheza kwenye asilimia 75 hadi 80, na alfajiri unapanda zaidi. Kwa hiyo ile desturi ya kuacha madirisha wazi mwezi baada ya mwezi inasaidia wiki za mwanzo tu, maji mengi yanapotoka. Baada ya hapo fungeni madirisha, washeni kiyoyozi au kodini mashine ya kunyonya unyevu.

Kipimo cha kuanzia hakina gharama. Kata kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, bado. Lakini nailoni ikiwa kavu usishangilie: imekuonyesha uso tu. Kipimo cha kuamulia ni cha kutoboa tundu, kwenu lenye kina cha milimita 24 hivi, yaani asilimia 40 ya unene, kuingiza kifaa cha kusoma unyevu, kuziba, na kusoma baada ya saa 24. Toboeni sehemu zaidi ya moja, hasa karibu na bafu na ukuta wa nje.

Sasa niru. Hapa ndipo kazi nyingi za gundi zinapoharibika, na inaniuma kwa sababu lawama huangukia gundi au mbao. Niru ni ngozi nyembamba ya saruji tupu, laini, ya kupendeza macho. Mbao zikitanuka zinavuta, na ngozi ile inabanduka. Geuza ubao ulioinuka namna hiyo utaona mgongoni mwake gundi imeshika barabara, na juu ya gundi kuna kipande cha kijivu chembamba kama ganda la yai: ni niru imeng'oka kwenye saruji yake. Chukua msumari, kwaruza sakafu yako kwa nguvu, mstari huku na mstari kule vikatane. Pakimeguka au kutoa unga, hapabandikiki. Hata pasipomeguka, niru isuguliwe yote kwa mashine yenye diski ya almasi, vumbi livutwe kwa mashine, si kufagiwa.

Sebule yenu ningeibandika kwa gundi. Mbao za matabaka hutoka kiwandani zikiwa na unyevu wa asilimia 6 hadi 9 hivi. Kwenye hewa ya asilimia 80 mbao hutamani kufika kama 16. Tabaka zilizopishana hupunguza kutanuka, lakini hazikomeshi kabisa. Sakafu inayoelea hutembea yote kama shuka moja, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha mita 8 hadi 10 kabla ya kuikata kwa ukanda wa kupumulia, yaani nafasi iliyofunikwa inayoziachia mbao zitanuke. Mita 11 zenu zingetaka ukanda huo katikati ya sebule, na sioni mtu atakayeupenda. Ubao uliobandikwa hushikwa mmoja mmoja, haunesi ukikanyagwa, na miaka ijayo unasuguliwa upya vizuri zaidi. Pia kuna kudeki. Kwetu maji humwagwa. Kwenye sakafu inayoelea maji yanayopita kwenye maungio hukaa juu ya nailoni na kuivimbisha mbao kwa chini, hujui mpaka imechelewa. Sakafu yoyote ya mbao idekiwe kwa dekio lililokamuliwa, lakini iliyobandikwa ina nafasi nzuri zaidi ya kusamehe.

Masharti ni haya. Chini ya gundi hakutandikwi nailoni, kwa hiyo kinga ya unyevu ni epoksi ya kupaka juu ya saruji iliyosuguliwa, inayopatana na gundi yenu. Someni maelezo ya watengenezaji wote wawili, na kiwango cha unyevu ambacho epoksi hiyo inavumilia. Gundi iwe ya poliyurethani au ya silani, si ile nyeupe ya maseremala yenye maji. Ipakwe kwa mwiko wa meno. Hesabuni kilo moja hivi kwa mita mraba, maana yake kilo 55 na akiba kidogo. Simama na fundi mwanzoni, mwambie ainue ubao aliotoka kuulaza: mgongo wake uwe umelowa gundi karibu wote. Ukiona mistari miwili mitatu tu, mwiko umelika au sakafu ina bonde.

Kama bajeti haifiki kusugua na kupaka epoksi, basi mfuateni fundi wa kwanza, muweke na ukanda. Sakafu inayoelea iliyowekwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko iliyobandikwa juu ya niru.

Vyumba vya juu viacheni vielee bila wasiwasi. Ni vidogo, unyevu wa ardhini haufiki, na sponji inapunguza kishindo cha miguu kwa walio chini. Nailoni iwe ya geji 1000, yaani unene wa robo milimita, maungio yapishane sentimita 20 na kubandikwa selotepu. Sponji isizidi milimita 3. Nene laini huchezesha maungio mpaka ulimi uvunjike. Hapo ndipo gundi nyeupe inafanya kazi, kwenye ulimi tu. Kabati za ukutani zifungwe kwanza, mbao zije kukomea kwazo, maana kabati zito juu ya sakafu inayoelea huipigilia mahali pamoja.

Kote, juu na chini, laza rula ya mita 2: uwazi chini yake usizidi milimita 3. Acheni nafasi ya milimita 10 hadi 12 kuzunguka kuta, nguzo na fremu za milango, hata kwenye gundi. Skatingi, ule ubao wa kufunika nafasi hiyo chini ya ukuta, ipigiliwe ukutani, si sakafuni.

Kuhusu kuhamia: msiwahi masika kwa kulaza mbao juu ya saruji mbichi. Hamieni juu ya saruji tupu, mbao zibaki ndani ya maboksi yake, zimelazwa bapa chumba cha juu chenye kiyoyozi. Sebuleni tandikeni mikeka. Kapeti la plastiki msiliweke hata kwa wiki moja, kwa sababu linafungia chini unyevu uleule mnaousubiri utoke.