Mbegu Zitasubiri, Anza na Mboji

Kila anayekuja kuniuliza habari za bustani ya nyumbani ya kilimo hai, isiyotumia mbolea wala dawa za viwandani, huwa tayari ana pakiti za mbegu mfukoni. Nyanya, karoti, hoho. Nami nilianza hivyo hivyo hapa Mbagala: nilimwaga pakiti nne kwenye mchanga wa uani, nikamwagilia wiki mbili mfululizo. Mchicha uliota, ukatoa majani mawili, ukagoma hapo hapo. Mchanga wetu wa pwani haukai na maji, na maji yakishuka rutuba inashuka nayo.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, hizo pakiti ziweke kabatini. Zao lako la kwanza ni mboji, yaani mbolea ya majani na mabaki ya jikoni yaliyoozeshwa kwenye rundo, nayo inataka miezi miwili mpaka mitatu.

Rundo langu la kwanza lilikuwa maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na ukoko wa ugali, basi. Siku ya nne jirani akabisha hodi kuuliza kama kwangu kuna panya amekufa. Nilichokosa ni vitu vikavu. Kwa kila ndoo ya vibichi, tia ndoo mbili au tatu za vikavu: majani yaliyopukutika, nyasi kavu, maboksi yaliyochanwachanwa. Panga tabaka kwa tabaka, nyunyiza maji, na katikati tia samadi kama unayo. Nyama, samaki na mafuta ya kupikia usiweke, utaalika paka wa mtaa mzima. Jivu la mkaa kidogo tu, maana likizidi linaharibu udongo.

Rundo dogo halipati joto. Jitahidi lifike mita moja kwenda juu na mita moja kila upande. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku tatu au nne kichomoe ukishike: kikiwa na moto, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Kikitoka kimelowa na kunuka, ongeza vikavu ugeuze. Hata mambo yakienda vizuri, geuza kila baada ya wiki mbili. Mboji imeiva pale unapotia mkono na kutoa kitu cheusi chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa, usijue tena lipi lilikuwa ganda la ndizi.

Kuna watakaokuambia uachane na usumbufu huo, ununue kiroba cha mbolea ya kuku. Nunua, ila usiipeleke shambani ikiwa mbichi. Inaunguza miche. Ipitishe kwenye rundo kwanza.

Tuta lisizidi upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga. Kwenye mchanga kama wangu, changanya mboji ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita ya mraba. Kama uani ni sementi tupu, tumia viroba au ndoo mbovu, na usisahau kutoboa chini.

Panda matembele kwanza. Marando, yaani vipande vya mashina yake vya kupandia, utapewa bure na yeyote aliye nayo. Zika nusu ya rando, mwagilia, na baada ya mwezi hivi unachuma. Kisha mchicha, ambao uko tayari kwa wiki tatu au nne. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kusia, la sivyo zitaota kwa mafungu. Nyanya ziache mpaka mwaka ujao. Zinakaa bustanini muda mrefu, na kantangaze (kiwavi anayetoboa majani na matunda yake) na ugonjwa wa mnyauko vinazipenda kuliko unavyozipenda wewe. Ukinunua mbegu na kukuta zina rangi ya waridi au ya kijani iliyokolea isiyo ya asili, ujue zimepakwa dawa.

Mwagilia asubuhi, kisha funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu. Hapa kwetu, katikati ya vuli na masika, jua la Januari na Februari linakausha tuta lililo wazi kabla ya adhuhuri. Onja pia maji ya kisima chako. Yakiwa ya chumvi, miche itaungua ncha za majani na wewe utailaumu mboji bure.

Wadudu mafuta wakivamia sukuma wiki, anza na vidole na maji. Wakizidi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ya kipande, nyunyiza jioni kwa sababu jua linaua nguvu yake. Usitarajie wadudu kudondoka siku hiyo hiyo. Mwarobaini unawakatisha hamu ya kula na kuwazuia kukua, kwa hiyo rudia baada ya wiki. Utaambiwa pia uloweke tumbaku. Mimi nakataa. Kuitwa ya asili hakuifanyi isiwe sumu, na mboga hiyo unailisha nyumba yako.

Kuhusu ile nembo ya Kilimohai inayobandikwa kwenye mazao ya kilimo hai, ya kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa 2007, usiumize kichwa. Hiyo ni ya anayeuza.

Jambo moja nilijifunza kwa hasara: kuku wa jirani hawajui mpaka, na tuta lenye mboji lina minyoo. Matembele yangu ya kwanza yalifukuliwa ndani ya asubuhi moja. Wavu uwe umefungwa kabla rando la kwanza halijaingia ardhini.