Maswali ya Wasomaji: Samaki wa Dhahabu Aliyejeruhiwa Kati ya Samaki Wengine

SWALI: Ndugu Mshauri, salamu. Nina tangi la lita 120 ambamo ninafuga samaki wa dhahabu wawili wa aina ya oranda, samaki sita wadogo wenye milia myeusi wa spishi ya Puntigrus tetrazona, na pleko mmoja ambaye niliambiwa angenisaidia kula mwani unaoota kwenye vioo. Juma hili nimeona kwamba oranda mmoja amechanika mkia, na ubavuni mwake pana sehemu ya mviringo isiyo na magamba, nyekundu kama iliyochubuliwa. Rafiki yangu ananishauri nitie chumvi ndani ya tangi zima. Je, nifanye hivyo? Na je, mkia wake utaota tena?

JIBU: Ndugu Msomaji, pole kwa samaki wako. Nakuomba usitie chumvi kwenye tangi hilo. Jambo la kwanza ni kumtoa oranda huyo leo hii na kumweka peke yake, kwa sababu ukimtibu huku angali anaishi na waliomjeruhi, kila kidonda kitakachofunga mchana kitafunguliwa upya usiku.

Kwa maelezo yako, majeraha hayo hayana chanzo kimoja. Mkia uliochanika vipandevipande, wenye mapengo madogo ukingoni, kwa kawaida ni kazi ya samaki wa milia, ambao wana tabia ya kudonoa mapezi marefu ya samaki waendao polepole. Oranda ana mkia maradufu na mwili mnene, kwa hiyo hawezi kuwakimbia. Sehemu ya mviringo ubavuni ni habari nyingine. Pleko ana mdomo wa kufyonza uliojaa meno madogo ya kukwangua, na anapokosa chakula cha kutosha hujibandika kwenye ubavu mpana wa samaki wa dhahabu, akakwangua ute unaomlinda, kisha magamba, kisha ngozi. Hufanya hivyo gizani, ndiyo maana wafugaji wengi hukataa kuamini. Zima taa, subiri saa moja au zaidi, kisha chungulia kwa mwanga hafifu. Huenda ukamwona mwenyewe amejibandika, na oranda akijitikisa kwa nguvu bila kufanikiwa kumng'oa.

Kuhusu chumvi, rafiki yako hajakosea kabisa, ila amekosea mahali pa kuitia. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia wakati wote kupitia matamvua na ngozi, na figo zake hufanya kazi bila kupumzika ili kuyatoa. Ngozi inapochubuka, maji huingia kwa kasi zaidi na chumvi za mwilini huvuja. Chumvi kidogo ndani ya maji hupunguza tofauti hiyo, na samaki akapata nafuu ya kutumia nguvu zake katika kupona. Hata hivyo, samaki wa jamii ya kambare, akiwemo pleko, huvumilia chumvi kwa kiwango kidogo kuliko samaki wa dhahabu, na mimea mingi ya majini hunyauka. Isitoshe, chumvi haiondoki pamoja na mvuke. Hubaki humo mpaka maji yenyewe yabadilishwe.

Andaa basi chombo cha pembeni. Kwa oranda mwenye urefu wa sentimita 10 hivi, chombo cha lita 40 kinatosha kwa matibabu, hata kama ni beseni safi la plastiki ambalo halijawahi kutiwa sabuni. Kijaze maji kutoka kwenye tangi lake mwenyewe ili joto na hali ya maji visimbadilikie ghafla. Usiweke changarawe wala mapambo, maana sakafu tupu itakuwezesha kuona uchafu wote. Weka pampu ya hewa na kichujio cha sifongo, na kama una sifongo la ziada kwenye kichujio cha tangi kubwa, lihamishie huku, kwa kuwa bakteria wanaoivunja amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, tayari wamo ndani yake. Unapomhamisha samaki, usitumie wavu. Nyuzi za wavu hukwangua ute uliobaki na kunasa vipande vya mkia. Mwelekeze taratibu aingie kwenye bakuli ukiwa umelizamisha majini, kisha umbebe pamoja na maji yake.

Baada ya hapo, pima chumvi kwa mizani. Gramu 1 hadi 3 kwa kila lita ya maji zinatosha, na kwa mchubuko kama wa samaki wako ningeanza na gramu 2, yaani gramu 80 kwa lita 40. Iwe chumvi tupu ya kawaida, isiyo na viungo wala kemikali ya kuzuia kugandamana. Chumvi ya magnesiamu, inayouzwa kwa jina la Epsom, ni kitu kingine na ina kazi nyingine. Iyeyushe kwanza kwenye jagi la maji ya chombo hicho, kisha uimimine kwa mafungu matatu ndani ya siku nzima. Kamwe usimwagie punje za chumvi juu ya samaki mwenye kidonda. Kila unapobadilisha maji, rudisha chumvi inayolingana na maji uliyoyatoa tu, usirudie kipimo kizima.

Pamoja na hayo yote, naamini kwa dhati kwamba maji safi yanaponya majeraha mengi kuliko chumvi na dawa zikiwekwa pamoja, na hapa ndipo ninapoona samaki wengi wakipotea bila sababu. Samaki wa dhahabu hutoa amonia nyingi kupitia matamvua yake, na kwenye chombo kidogo amonia hiyo hupanda haraka, ikaunguza ngozi ileile unayotaka ipone. Ukali wake huongezeka kadiri maji yanavyokuwa na joto na kadiri kiwango cha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kinavyopanda. Pima kila siku: amonia na nitriti, sumu inayobaki bakteria wanapoivunja amonia, ziwe sifuri. Zikionekana hata kidogo, badilisha robo hadi nusu ya maji siku hiyohiyo, ukitumia maji yenye joto lilelile. Maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini hakuondoi kloramini, ambayo pia hutumiwa kusafisha maji ya bomba. Mlishe kidogo sana katika siku za mwanzo, na chakula ambacho hakijaliwa baada ya dakika chache ukitoe.

Ndiyo, mkia utaota, mradi haujaliwa hadi kwenye shina lake. Utaanza kuona utando mwembamba, mwangavu kama nailoni, kwenye kingo zilizochanika. Hiyo ni nyama mpya, wala usiidhanie kuwa ugonjwa. Magamba nayo hurudi baada ya majuma kadhaa, ingawa huenda yakawa na rangi tofauti. Madoa meusi yakitokea kuzunguka kidonda, usishtuke, kwa kuwa mara nyingi ni rangi inayojitokeza wakati ngozi inapopona, na baadaye hufifia. Endelea tu kupima amonia, kwa sababu ngozi iliyounguzwa nayo huweka madoa kama hayo inapoanza kupona.

Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni manyoya meupe kama pamba juu ya kidonda, ambayo ni ukungu wa majini unaofanana na kuvu, mara nyingi wa jenasi ya Saprolegnia. Dawa ya bluu ya methilini husaidia, lakini itumike kwenye chombo cha pembeni tu na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na sifongo uliondoe kwanza, kwani dawa hiyo huwaua bakteria wazuri wa kichujio. Sifongo likishatoka, kubadilisha maji kila siku ni lazima. Ukiona kidonda kinachimbika, michirizi myekundu kwenye mapezi, au magamba yaliyosimama mwili mzima, hapo bakteria wameshaingia ndani, na wa kuamua kiuavijasumu ni daktari wa mifugo anayefahamu samaki. Vidonge vya binadamu visisagwe na kutiwa majini kwa kubahatisha.

Sasa nije kwenye neno ambalo huenda hutalipenda. Oranda akipona, asirudi kwenye tangi lile kama lilivyo. Samaki wa dhahabu hustawi katika nyuzijoto 18 hadi 22 hivi, ilhali wenzake hao wanatoka maji ya tropiki na wanahitaji joto zaidi, kwa hiyo hata wangekuwa wapole, upande mmoja ungeteseka. Pleko wa kawaida hupita sentimita 30 anapokomaa, na tangi la lita 120 halimtoshi hata akiwa peke yake. Watafutie samaki wa milia na pleko mfugaji mwenye nafasi inayowafaa, wala usiwatupe mtoni au bwawani. Mapleko walioachiliwa wamezaana kupita kiasi katika maji ya Florida na Mexico, na kuwaondoa ni kazi ngumu mno.

SWALI: Samaki wangu mkubwa wa dhahabu amekwamwa na kambare mdogo aina ya Corydoras mdomoni. Nimvute?

JIBU: Usimvute kwa nguvu. Kambare huyo akitishwa husimamisha miiba ya mapezi yake na kuifunga, na ukimvuta inapasua koo na matamvua ya aliyemmeza. Mweke samaki wako kwenye chombo chenye hewa ya kutosha na umpeleke haraka kwa daktari wa mifugo, ambaye anaweza kumlaza kwa dawa na kuikata miiba kabla ya kumtoa kambare. Samaki wa dhahabu humeza chochote kinachoenea mdomoni, kwa hiyo samaki wadogo kiasi hicho wasifugwe naye.

SWALI: Samaki wangu wa macho yaliyotokeza amepoteza jicho moja baada ya kugombana na samaki mwingine. Je, ataishi?

JIBU: Anaweza kuishi miaka mingi. Jicho haliotei tena, lakini tundu hufunga ngozi ikiwa maji ni safi, na utaratibu wa chumvi nilioueleza hapo juu unamfaa. Ondoa mawe yenye ncha na mimea ya plastiki migumu, usibadilishe mpangilio wa tangi mara kwa mara, na umtenge na samaki wa dhahabu wa umbo la kawaida, ambao ni wepesi na watammalizia chakula. Mpe chakula kinachozama, mahali palepale kila siku. Atakipata kwa kunusa.