Breki za gari la umeme zinakwaruza asubuhi: ni kutu, au zimekwisha?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Shangani, Mtwara, karibu na ufukwe. Nina Nissan Leaf ya mtumba. Kila asubuhi breki zinakwaruza na diski zimepiga wekundu. Fundi wa hapa anataka ninunue diski na pedi zote. Mbona nasikia breki za gari la umeme haziliki upesi?

JIBU: Marahaba. Pesa yako iache mfukoni kwanza. Ulichosikia ni kweli, na ndicho kinachokuponza: breki zako haziliki kwa sababu hazina kazi. Ukiondoa mguu kwenye mafuta (ndivyo tulivyozoea kusema), mota inageuka jenereta, inavuta mwendo chini na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi haigusi diski. Kwenye gari la petroli pedi ndiyo inayofuta kutu kila siku. Kwako hakuna wa kufuta, na kusi likivuma na chumvi yake, usiku mmoja unatosha.

Wekundu unaoisha ukikanyaga breki mara mbili tatu si tatizo. Tatizo ni mduara wa kutu unaobaki hata baada ya safari, au vishimo vinavyokwamisha ukucha ukiupitisha. Na usiangalie upande wa nje tu. Kuna Leaf niliifungua, pedi ya nje nzima kabisa, ya ndani imebaki bati tupu. Pini za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zilikuwa zimeganda kwa kutu, nikazitoa kwa nyundo.

Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu na nyuma yako hakuna mtu, weka gia N (nyutro), kisha kanyaga breki kwa uzito mara tano au sita. Kwenye N mota haisaidii, kwa hiyo pedi zinasugua zenyewe. Fanya hivyo pia ukitoka kuosha gari, kabla hujaliegesha.

Kila mwaka pini zisafishwe na kupakwa grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira ya pini hizo. Mafuta ya breki badilisha kila baada ya miaka 2 hata kama gari halitembei, maana yananyonya unyevu.

Fundi wako aking'ang'ania, mwambie apime mbele yako. Pedi ikiwa chini ya milimita 3, ibadilishwe. Unene wa mwisho wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe. Akwangue kutu, ausome.