Suali la msomaji: nikeli inafikaje ndani ya jiwe?

SUALI: Asalaam aleikum mhariri, kijana wangu kaambiwa skuli kuna nikeli na shaba kwenye mawe ya anothositi huko Kanada, sasa zimefikaje humo, na sie Pemba hatuna? – Msomaji, Wete

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, suali zuri khasa. Magma, yaani uji wa mawe, inapanda toka chini na nikeli na shaba zimetawanyika kidogo kidogo, hazichimbiki, lakini njiani ikikutana na mawe yenye salfa inayayeyusha, salfa inazidi mpaka inajitenga pamoja na chuma matone matone kama mafuta kwenye mchuzi, ila haya mazito yanazama, na nikeli na shaba zinayafata hukohuko. Yanatuama pale njia ya magma inapotanuka na mwendo kupungua. Hazina ya nikeli ya Voisey's Bay, Labrador huko Kanada, iliyogunduliwa 1993, ndo ilivyokuwa, ila watu wanachanganya sana, madini yenyewe yamo kwenye troktolaiti, jiwe jengine la magma iliyoganda, jirani yake anothositi. Pemba mawe yetu ni ya matumbawe na mchanga wa bahari, si ya magma, kwa hivyo hapana. Bara ipo, Kabanga kule Ngara.