Ben Nevis au Ben Lomond kwa anayeanza?

Dada, kama ni Julai na hujawahi kupanda milima ya Uskoti, mimi ningeuacha Ben Nevis kwanza. Ndio mrefu kuliko yote Uingereza (mita 1,345), kwa hiyo kiangazi njia yake hujaa watu, na ukifika kileleni mara nyingi unakuta ukungu mtupu. Nenda Ben Lomond, mita 974. Unaanzia Rowardennan kando ya ziwa, na kupanda na kushuka ni kama saa tano kwa mwendo wa kawaida. Jua la Julai huko linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hakuna kukimbizana na giza.

Kitakachokusumbua ni usubi. Wadogo mno, lakini wanauma hao! Wanapenda jioni tulivu yenye unyevu. Upepo ukivuma wanapotea, ndiyo maana huku juu unapumua na kule chini penye maegesho unateseka. Nunua chandarua cha kichwa, usione haya. Koti la mvua na sweta beba hata kukiwa kweupe asubuhi. Ukishuka kagua miguu, kupe wapo majanini.